Mchezo wa Jeska kwa Mama Vumilia

Kuna watu wanaoingia mahali kwa kelele, ukawajua kabla hujawaona. Jeska hakuwa hivyo. Alikuwa na kona yake barazani kwa fundi Kassimu, mtaa wa Waswahili, mjini Gitega, Burundi, yeye na cherehani yake ya kukanyaga, na ungeweza kupita hapo mwezi mzima ukadhani cherehani inajiendesha yenyewe. Lakini mpelekee shati lililochanika vibaya, kisha umwambie kwamba hilo halishoneki tena. Hapo ndipo ungemjua. Alikuwa mkaidi, Jeska, ukaidi wa kimyakimya ambao hauna dawa, na Mungu ambariki kwa ukaidi huo, maana bila huo nisingekuwa na la kusimulia.

Kassimu alikuwa fundi wa ngozi. Alishona viatu na mikanda, na zamani, kabla mipira ya kiwandani haijajaa sokoni, alishona mipira ya timu zote za mji. Chumba cha nyuma cha duka lake alikigeuza makumbusho ya michezo. Usifikirie yale makumbusho makubwa ya serikali. Haya yalikuwa yake mwenyewe, chumba kimoja chenye dirisha moja: jezi zilizopauka, viatu vya mchezaji aliyevunjika kidole cha mguu akacheza mpaka kipyenga cha mwisho, mbao za kibuguzo, bao la Warundi, zenye vishimo vilivyolainishwa na vidole vya watu waliokwisha kufa, mipira ya majani makavu ya migomba. Ukiingia ulitoa chochote ulichokuwa nacho, na kama huna kitu ulitoa hadithi. Jeska aliziba matundu ya jezi hizo, na Kassimu alimwachia baraza.

Jumapili alasiri chumba hicho kiligeuka chama cha kusoma. Hidaya, binti wa Kassimu, mwalimu wa Kifaransa, alisoma kitabu kwa sauti na kukigeuza Kiswahili palepale, na wengine wakasikiliza, wakabisha, wakatafuna karanga. Walikwisha kusoma habari za mbio za baiskeli na za mabondia. Kisha kikaja kitabu cha michezo ya kale ya Waayalandi.

Kilikuja hivi. Miaka ile amani iliporudi, wakimbizi walipokuwa wakirudi kutoka Tanzania kwa malori, daktari mmoja wa mifugo, mtu wa Ayalandi, alizunguka milima ya Gitega akipima ng'ombe. Siku moja aliingia kwa Kassimu kushonesha kiatu, akaona makumbusho, akasimama mbele ya mipira ya majani ya migomba mpaka macho yakamlowa. Kabla ya kurudi kwao alileta zawadi mbili: hicho kitabu, na fimbo ya mti yenye ncha pana iliyopinda. Kassimu alimshukuru sana, akangoja mgeni apotee kabisa kwenye kona, ndipo akamgeukia binti yake.

"Hidaya, hii mwiko ni ya nini? Kule kwao ugali iko ngumu namna gani?"

Haukuwa mwiko. Kitabu kilieleza kwamba ni fimbo ya kupigia mpira mdogo wa ngozi, mchezo wa zamani kuliko makanisa yao. Watawala wa Kiingereza waliupiga marufuku, watu wakaendelea kuucheza vilevile, na Kassimu akasema kuanzia hapo ameanza kuwapenda hao watu. Wakasoma jinsi njaa kubwa ilivyoingia nchini mwao, viazi vikaoza ardhini, viwanja vikabaki vitupu, watu wakapanda meli kwenda nchi za mbali. Wengi wa waliokaa humo waliijua barabara ya kukimbia. Kisha wakasoma jinsi waliobaki walivyoufufua mchezo ule miaka mingi baadaye, kijiji kwa kijiji, na mtu mmoja akapiga makofi kana kwamba ni jamaa zake.

Lakini kilichowafurahisha zaidi ni namna moja ya kale ya kuucheza. Haikuwa na uwanja wala magoli. Parokia mbili zilikutana katikati, mpira ukatupwa juu, na kila upande ulipambana kuupeleka kwao, kupitia mashamba na mito na vichochoro. Aliyefikisha mpira nyumbani kwao ndiye aliyeshinda.

"Donc, ni mchezo wa kurudi kwenu," alisema Kassimu.

"Ndiyo, baba. Wa kurudisha mpira nyumbani."

Jeska alikuwa amekaa chini karibu na mlango. Siku hiyo alikwenda kwake bila kuaga, na Hidaya aliliona hilo.

Kwao Jeska ni Butihinda, mkoa wa Muyinga, mahali ambapo ukipanda mlima unaiona Tanzania. Baba yake aliitwa Kasiano, mkulima wa ndizi na maharage. Mwaka wa tisini na tatu, nchi ilipochafuka, Jeska alikuwa bado hajaota meno ya pili. Katika kukimbia alipotezana na wazazi wake, na hakuwaona tena. Aliokotwa njiani. Aliyemwokota ni mwanamke mmoja aitwaye Vumilia, mtu wa Nyarusange, mbali kule Gitega, aliyekuwa ametembea mlima baada ya mlima bila ndugu wala mzigo. Alimkuta mtoto amekaa kando ya barabara, kachoka hata kulia. Vumilia hakuuliza ni mtoto wa nani. Alimbeba mgongoni, akavuka naye mpaka.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Vumilia aliifanya kazi hiyo kambini, upande wa Ngara, miaka yote. Alitoka alfajiri kwenda kufyeka mapori ya wanakijiji wa Kitanzania, jembe begani, ili Jeska apate sare ya shule, na Jeska alipomaliza shule ya msingi, apate kujifunza ushonaji. Kufyeka pori si mchezo. Ni visiki na miiba na vumbi linaloingia kifuani likakataa kutoka. Mwisho kifua kile kilimlaza. Alikaa kitandani muda mrefu akiwa na akili zake zote, na jioni moja alimshika Jeska mkono.

"Ukifika nyumbani, unigandukie huko nyumbani. Usifanye hapa. Hapa ni njiani."

Kuganduka ni siku ya kuondoa msiba kabisa. Kwa Warundi, mtu akizikwa hajamalizwa. Inakuja siku, miezi au mwaka baadaye, ambapo ndugu na majirani hukusanyika uani, watu hunywa pombe, na mwenye nyumba husimama akasema kwamba marehemu amepumzika na waliobaki warudi kwenye maisha. Siku hiyohiyo hutajwa nani amebaki kusimama mahali pa marehemu. Mpaka siku hiyo ifanyike, msiba upo, hata kama hakuna anayelia. Vumilia alizikwa kwenye makaburi ya kambi, kambi ikafungwa, malori yakaja, na Jeska akarudi Burundi akiwa na msiba wake mzima kifuani.

Alianza Nyarusange, kwa kuwa aliona ni haki. Alipita nyumba kwa nyumba akimtaja Vumilia. Watu walimpokea vizuri, wakampa maji, wakatikisa vichwa. Waliomjua wote walikuwa wamekufa au wametawanyika, na mlima aliouita kwao, maana huko kijiji huitwa mlima, ulikuwa umepandwa mikaratusi. Basi ikabaki kwa Kasiano, Butihinda. Kama mama hana kwao, alijiambia Jeska, kwao patakuwa kwetu.

Butihinda akamkuta Sebastiani.

Mnaosubiri jambazi msimsubiri hapa. Sebastiani alikuwa mkulima mwaminifu, mtu mrefu, mikono kama makasia. Kwake kuliungua mwaka uleule wa tisini na tatu, na baadaye wakuu wa wakati huo walimwonyesha kiwanja cha Kasiano kilichobaki kitupu, wakamwambia akae. Alikaa. Alijenga, akapanda, akazaa na mkewe Melania watoto ambao hawakujua mahali pengine duniani. Jeska alipofika mlangoni na kutaja jina la Kasiano, mzee yule aligeuka rangi, akamkaribisha, akampa kigoda. Alijua Kiswahili vizuri, maana alikuwa akiuza ndizi ng'ambo ya mpaka.

"Sikuja kuomba shamba, mzee," alisema Jeska. "Naomba siku moja tu. Nimgandukie mama yangu hapa uani, halafu niende zangu."

Sebastiani alifikiri sana kabla ya kujibu.

"Mi sina ubaya na we, dada. Lakini kuganduka hapa, hapana. Mutu anagandukaka kwao, fasi ya kwake. Nikikuruhusu leo, kesho batu batasema rugo, hii ua yote, ni yako, bashingantahe iko shahidi. Mi na batoto bangu twende wapi? Kwetu iliungua."

"Ni siku moja tu, mzee."

"Siku moja njo inaletaka zingine."

Na kweli hakuwa akisema upuuzi. Mwenye kuganduka uani ndiye mwenye ua; majirani wakishakunywa na mushingantahe, yaani mzee wa kuamua mashauri, akishasikia, neno limekwisha. Fahali wawili hawakai zizi moja, na Sebastiani alikuwa na wana wa kuwalisha. Jeska alimwelewa, na kumwelewa kulimwumiza kuliko kama angetukanwa. Angetukanwa angalau angepata wa kumkasirikia. Alishukuru kwa maji, akarudi Gitega, akakodi chumba upande wa Giheta, akatafuta cherehani. Lakini hakuacha. Kila mara alipopata nauli alikwenda Butihinda, akaketi kwenye kile kigoda, akaomba siku ileile, akajibiwa jibu lilelile, akarudi. Melania alizoea hata kumwekea viazi vitamu.

Sasa turudi kwenye chama cha kusoma. Jumapili moja Hidaya alifika kwenye sura inayosimulia asili ya michezo mikubwa ya Ayalandi, ile ya zamani za hadithi. Alisoma kwamba michezo hiyo ilianzishwa kwa ajili ya mwanamke mmoja, ambaye jina lake lilimshinda Hidaya kulitamka, akajaribu mara kadhaa, akaliruka. Mwanamke huyo alimlea mtoto asiyekuwa wake. Naye alikata msitu mzima kwa mikono yake, akaufanya mashamba ili watu wapate kula, mpaka moyo ukapasuka kwa uchovu. Yule mtoto aliyemlea, alipokuwa mkubwa, aliwaita watu wote wa nchi waje kukimbia na kushindana na kucheza mahali hapo, kila mwaka, kwa heshima yake.

"Soma tena," alisema Jeska.

Watu waligeuka. Jeska hakuwahi kusema neno katika chama kile. Hidaya akasoma tena, polepole, na alipomaliza Jeska alikuwa analia waziwazi, mikono mapajani, bila kujifuta.

"Alikufa kwa kufyeka," alisema. "Mama yangu naye alikufa kwa kufyeka. Na mimi sijafanya chochote."

Siku hiyo kitabu hakikuendelea. Jeska aliwasimulia yote, Vumilia na kambi na Sebastiani, na karanga zilibaki kwenye sahani. Mwisho Kassimu alikohoa. Huyo mzee alikuwa na tabia ya kuzungumza kama mtu anayepima ngozi kabla ya kukata.

"Bon. Ule mzee anakataza kuganduka. Mchezo, alikataza?"

Ndivyo ilivyoanza. Kassimu alishona mpira mdogo, ndani nyuzi za mgomba zilizofungwa kitambaa, nje ngozi ya mbuzi. Alisafiri pamoja na Jeska na Hidaya kwa basi dogo hadi Muyinga, wakapanda Butihinda, na ni yeye aliyezungumza na Sebastiani, mzee kwa mzee.

"Hatukuje kulia, ndugu yangu. Tunakuja kucheza. Hapa kwako hatuingie. Tunacheza pale kwenye uwanja wa shule, tunataja jina ya mama, tunarudi kwetu."

Sebastiani aligeuza ule mpira mikononi. Alikuwa mkimbiaji hodari ujanani, na mlima mzima ulikumbuka hilo, hasa yeye mwenyewe.

"Mchezo si kuganduka," alisema hatimaye. "Hakuna mutu anariti shamba kwa sababu ya mpira. Na mi nitacheza."

Jeska alishukuru. Lakini ndani yake alijua kwamba mchezo hautatosha. Vumilia hakuomba uwanja wa shule. Aliomba nyumbani, na Jeska angempa kilichowezekana badala ya kilichotakiwa, kama mtu anayempa mgonjwa uji kwa kuwa hana nyama. Hilo lilimhuzunisha.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya kiangazi, baada ya kazi za jamii, zile za kila Jumamosi asubuhi. Vijana walikata matawi ya mikaratusi yenye kupinda, wakayachonga ncha, na kila mtu akawa na mwiko wake. Hidaya alisoma ukurasa wa yule mwanamke aliyekata msitu, kwa Kiswahili, na mtu akaurudia kwa Kirundi. Jeska alisema tu, "Mama yangu aliitwa Vumilia. Alinilea." Wanawake waliitikia kwa pole ndefu.

Wakagawana pande. Hidaya alitaka wachanganyike, vijana wakakataa katakata: waliorudi kutoka Tanzania upande huu, waliobaki nchini upande ule. Sebastiani alisimama na waliobaki. Kassimu, aliyekuwa mwamuzi, aliwaeleza sheria ya Waayalandi: kila upande uchague nyumba moja, na upambane kufikisha mpira huko. Wakajitenga kushauriana, kila kundi pembeni yake, kisha wakaja kundi kwa kundi kumnong'oneza mwamuzi ili wenzao wasijipange.

"Sisi tunaupeleka kwa Kasiano," walisema waliorudi, kwa kuwa mchezo ulikuwa wa binti yake. Jeska alisikia, akashtuka. Akajituliza: wapinzani watauvuta kwingine, huko hautafika.

"Sisi tunaupeleka kwa Sebastiani," walisema waliobaki, kwa kuwa ndiye mkubwa wao na ua wake ni mpana. Sebastiani alifurahi.

Kassimu aliwaitikia hao kwa kichwa, akawaitikia na hawa. Jeska alizoea kusema kwa baba tu, jina la Kasiano halikuwahi kumfikia, na yeye mtu wa Gitega angejuaje? Butihinda ya miaka ile ilikuwa hivyo: waliorudi waliita kila mahali kwa jina la aliyekuwapo zamani, waliobaki wakaita kwa jina la anayekaa sasa, na hawakuwa wakiketi pamoja vya kutosha kugundua. Akautupa mpira juu.

Ee, mngekuwepo! Mwanzoni walipigana vizuri, fimbo zikagongana, vumbi likapanda, wanawake wamefunga khanga viunoni, katekista kavua viatu. Kisha kijana mmoja wa waliorudi aliupata mpira, akauchapa kuelekea bondeni, akajiandaa kusukumwa nyuma. Hakuna aliyemsukuma. Waliobaki waliuona mpira unakwenda kwao wenyewe, wakashangilia, wakauchapa mbele zaidi. Waliorudi nao wakashangilia. Umati wote, pande zote mbili, ukateremka njia moja ukipiga mpira upande mmoja, kila mtu akiwashangaa wapinzani wake kwa ujinga wao. Kassimu alikimbia nyuma kanzu mkononi, akipiga kipyenga bila kujua anakataza nini.

"Hidaya! Banashindana na nani, hawa?"

Jeska alikimbia mbele. Hakuwa amekimbia tangu kambini. Walipita shamba la maharage kwa pembeni, wakaruka mfereji, wakapanda. Mbele yake alikuwa Sebastiani, mzee mzima, shati limechomoka, anacheka peke yake kama mtoto. Mpira ulikuwa baina yao. Fimbo zao ziliufikia karibu pamoja, ukapaa juu ya ukingo wa miti, ukatua katikati ya ua, juu ya mkeka ambako Melania alikuwa ameanika mtama.

"Umefika nyumbani!" alipiga kelele Sebastiani, mikono juu.

"Umefika nyumbani!" alipiga kelele Jeska, palepale, kwa pumzi ileile.

Wakatazamana.

Watu waliendelea kuingia wakishangilia, na waliokwisha kuingia walikuwa wanaelewa na kushusha fimbo, mpaka ua ukajaa watu waliohema tu. Kila mmoja aliyafahamu yote kwa mara moja. Wale walikimbilia kwa Kasiano, hawa kwa Sebastiani, na hapa ndipo walipo wote. Melania peke yake hakushughulika na mafumbo yao. Aliona watu wamejaa uani kwake, wamechoka, wana kiu, na huko kwao huwezi kumwacha mtu uani mikono mitupu. Alikuwa na mtungi wa pombe ya mtama aliouandaa kwa ajili ya wasaidizi wa shamba. Akautoa. Vibuyu vikaanza kuzunguka, na Kassimu akapewa maji ya ndimu.

Ndipo watu wakaona jambo la pili. Ua upo. Majirani wapo, pombe ipo mikononi. Mzee Ignasi, mushingantahe wa mlima, alikuwa amefika akichechemea, kaketi kwenye kigoda. Ilikosekana sauti moja tu ya kusema. Mwanamke mmoja wa waliorudi alimsogelea Jeska, akamgusa kiwiko.

"Sema sasa. Sema! Nafasi hii huipati tena. Ukishasema mbele ya Ignasi, nani atafuta?"

Jeska alisimama. Uso wa Sebastiani ulikuwa umekwisha kicheko. Hakumzuia, asingeweza kumzuia. Alitazama tu watoto wake waliojipanga ukutani. Na Jeska, aliyeomba siku hii miaka nenda miaka rudi, aliyeipanda barabara ya Muyinga kwa nauli ya kubana tumbo, alikuwa nayo sasa kinywani. Kutamka tu.

Nimewajua watu wema wengi. Sijui wangapi wangefanya alichofanya.

"Mzee Sebastiani," alisema, "nisamehe. Hatukukusudia kuingia kwako, ni mpira uliotuleta. Mama yangu hakunifundisha kuchukua kitu mlangoni kwa mtu. Asanteni kwa kinywaji." Akainama kuokota fimbo yake, akaanza kuelekea kwenye njia. Machozi yalikuwa yanamdondoka njiani, lakini alikwenda.

"We!" Sebastiani aliita. "Kaa."

Jeska akasimama.

"Ule mama, alikwitwaga nani?"

"Vumilia."

"Wa kwa nani?"

"Sijui, mzee. Nyarusange hawakumkumbuka. Alikuwa na mimi tu."

Sebastiani alichukua kibuyu mkononi mwa mkewe. Alitembea mpaka katikati ya ua, kwenye ule mtama uliokanyagwa, akasimama namna mwenye nyumba anavyosimama. Alizungumza Kirundi sasa, na kila neno lilisikika.

"Mimi ndiye mwenye ua huu, kwa hiyo ni mimi ninayesema. Tulikuwa na msiba hapa na hatukujua. Vumilia alimwokota mtoto wa ua huu barabarani, wakati sisi wote tulikuwa tunakimbia. Alimlea, akamfyekea, akamfia. Mtu aliyelea mtoto wa hapa ni mtu wa hapa. Vumilia amepumzika. Leo tumeganduka. Watu warudi kwenye maisha."

Akanywa. Akampelekea Jeska kibuyu kwa mikono miwili, naye akakipokea kwa mikono miwili.

"Na aliyebaki mahali pake?" aliuliza mzee Ignasi kutoka kwenye kigoda, maana hilo lazima liulizwe.

Sebastiani alijua anachotaka kusema. Mtu anayesimama kumgandukia marehemu amejifanya ndugu yake, na ndugu hawezi tena kumwambia ndugu kwamba hana mahali. Alikuwa na wana wa kuwalisha. Alilijua hilo alipokuwa bado amefunga mdomo, na akaufungua.

"Ameacha mtoto mmoja. Ni huyu Jeska. Na kwao ni hapa."

"Nimesikia," alisema Ignasi.

Vigelegele vilipanda. Mtu alianza kuimba, fimbo zikapigwa chini, na Kassimu alimshika binti yake bega akimwuliza aliyeshinda ni nani, akapuuzwa kabisa. Jeska alikaa kwenye kigoda kilekile alichokalia kila mara alipokuja kuomba. Alikunywa kidogo, akalia, akacheka, akalia tena, na hakuona haya. Kifua chake kilikuwa chepesi hata akaogopa. Aliketi vile, mikono mapajani, akitazama watu wakinywa kwa jina la mama yake.

Melania alitokea jikoni amebeba rundo la vibuyu vichafu. Aliangalia umati, akaangalia mtungi unaokwisha, kisha akamwangalia Jeska na kukunja uso.

"We, Jeska! Umekaa kama mugeni na nyumba iko na batu vile? Chukua bidoo, uende kisimani."

Jeska alinyanyuka upesi, akajifunga khanga vizuri, akachukua madumu mawili nyuma ya jiko, akaenda kuteka maji.